Wateja wanataka 3D, fundi wangu hataki kusikia habari za laptopu, nianzie wapi?

Shikamoo dada,

Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, naishi Tabata hapa Dar. Kazi yangu ni ukarabati, sijengi nyumba mpya, nafanya zile za mtu kanunua nyumba ya zamani au kachoka na jiko lake anataka libadilike, yani majiko, vyoo, dari za jipsamu, tailizi, makabati, rangi. Kazi nimeirithi kwa marehemu baba na fundi wake mkuu ndo huyohuyo ninaye mpaka leo, mzee wa miaka sitini na kitu, kanifundisha kila ninachojua, namwita baba mdogo ingawa hatuna undugu wa damu.

Utaratibu wetu siku zote ulikuwa mmoja. Nikiitwa naenda na futi na kaunta buku, napima, nachora kwa penseli, naandika vipimo pembeni, mzee anapitia, namtumia mteja bei WhatsApp, tukielewana anatoa adivansi tunaanza. Sa hivi mambo yamebadilika dada. Mteja anakuja na picha kazitoa Instagram, af anasema sawa nimekuelewa ila nichoree 3D nione kwanza. Nikimwonyesha kaunta buku anacheka. Mwaka huu jiko la Segerea nililokuwa na uhakika nalo kabisa alichukua kijana mmoja ambaye hata futi nadhani anaazima, ila ana laptopu na picha zake zinang'aa kama za hotelini, na mteja mwenyewe akaniambia dada sio kwamba we hujui kazi, ila yule kanionyesha.

Kwa hiyo nimeamua lazima nijifunze, shida ni kwamba kila mtu ana lake. Kuna chuo kimoja binafsi mjini wana kozi ya AutoCAD na Revit, programu za kuchora majengo kwa kompyuta, ya miezi mitatu, ada laki saba na nusu. Kaka yangu anasema nisipoteze hela, yeye ana SketchUp, nayo programu ya kuchora, ya kukraki (yani iliyovunjwa kufuli itumike bila kulipia) kwenye flashi, pamoja na ya kurenda, yani ya kuufanya mchoro ung'ae kama picha ya kamera, ataniwekea bure jioni moja tu. Mwingine anasema tafuta kijana umlipe kwa kila mchoro, elfu themanini, uendelee na kazi zako. Hela niliyonayo ni laki tisa, nilikuwa nimeiweka ya mashine ya kukatia tailizi maana ile ya zamani imechoka, na mume wangu anaona bora mashine maana mashine inaingiza hela kuanzia kesho. Laptopu yangu ni ya mkononi, i3, RAM 4, yani nguvu yake ndogo, naitumia kwa Excel tu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na kusema ukweli nikifungua hizo video za YouTube wanaongea haraka nachoka.

Lingine linaloninyima usingizi zaidi ni hili. Kuna mteja wa Kinyerezi anataka ukuta wa kati ya jiko na sebule utoke paunganike pawe pamoja. Nikamlipa kijana akatuchorea, picha nzuri sana kwa kweli, mteja kaipenda mpaka kaiweka kwenye status. Mzee kaenda kuangalia, kagonga ukuta, kapanda darini, kashuka akasema ukuta huu hautoki, kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zimekaa juu yake. Mteja akajibu kwenye picha mbona umetoka na nyumba imesimama? Akaniambia pembeni huyo mzee wako kapitwa na wakati. Mzee kasikia. Tangu siku hiyo nikifungua laptopu anaondoka, anasema picha haijengi nyumba. Mteja namhitaji, mzee siwezi kumwacha, na kompyuta naona ndo njia ilipo. Nisaidie dada, nichague programu gani, nijifunze vipi, na mzee wangu nifanye naye nini?

Jina limehifadhiwa, Tabata, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole na hongera kwa pamoja. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja maana ndani yake kuna maswali matatu umeyafunga kwenye furushi moja. Kuna la programu, kuna la hela na muda wa kujifunza, na kuna la ukuta wa Kinyerezi ambalo limembeba na mzee humohumo. Ukiyaacha yamefungwa hivyo, kila ukishika moja litakuvuta na mengine.

Nianze na huyo mteja wa Segerea, maana naona ndo alikuumiza. Umeandika kwamba alikwambia "yule kanionyesha". Tafadhali litazame vizuri hilo neno, we umelisikia kama "yule ana 3D". Inawezekana ni kweli. Ila mtu anayetoa milioni kadhaa kwa ajili ya jiko anaogopa, hajui kabati la juu litaishia wapi, friji litakaa wapi, sinki litahamia dirishani au litabaki palepale, na kaunta buku lako linasomeka kwako na kwa mzee tu. Huenda alichokuwa anakitaka ni kuelewa, na mng'ao ukawa nyongeza. Nakuuliza hivi kwa sababu jibu lake linabadilisha kabisa programu ya kuchagua. Mteja anayetaka kuelewa anatosheka na mchoro safi wenye vipimo na mwonekano wa 3D wa kawaida, hata kama tailizi haziakisi mwanga wa jua. Anayetaka mng'ao atakudai kurenda, na kurenda kwa programu kama Lumion, Twinmotion au D5 kunataka kompyuta yenye grafiksi kadi (kifaa cha ndani cha kuchakata picha) ya maana, ambayo peke yake inakula laki tisa yako na bado unadaiwa. Wateja wako wengi ni wa aina gani? Hilo unalijua we kuliko mimi.

Sasa hizo programu zenyewe. AutoCAD ipo tangu 1982 na ndo imezoeleka maofisini, kwa hiyo watu wakisikia "kuchora kwa kompyuta" wanaitaja hiyo kwanza. Ni nzuri sana kwa anayetaka kuajiriwa kwenye ofisi ya wasanifu au anayechora ramani za kuombea kibali. Revit nayo, ya kampuni hiyohiyo ya Autodesk, imekusudiwa jengo zima na wataalamu wengi wanaofanya kazi kwenye faili moja. We unabadilisha jiko la mita tatu kwa tatu na nusu. Sisemi usisome, nasema kabla hujalipa laki saba na nusu waulize wale wa chuo, nikimaliza nitakuwa nimechora nini kwa mkono wangu? Nikija na vipimo vya jiko la mteja wangu mtanisaidia nichore hilo, au nitachora tu nyumba ya kwenye kitini? Na baada ya kozi nitaitumia programu kwa leseni ipi, maana AutoCAD kamili kwa bei ya Marekani ni kama dola 2,000 kwa mwaka, na ile leseni ya bure ya wanafunzi hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa. Kama wanajibu kwa kuzungukazunguka utakuwa umepata picha. Ulizia na VETA ya karibu yako pia, wana kozi fupi za aina nyingi, uone kama ya kuchora kwa kompyuta ipo na ada yake ikoje.

SketchUp ni rahisi kuielewa kwa mtu wa site, unachora umbo chini af unalivuta juu linakuwa ukuta au kabati, na ile hifadhi yake ya 3D Warehouse ina masinki, majiko ya gesi, mafriji, kila kitu. Trimble ndo wenye nayo tangu 2012. Ile ya bure inafanya kazi kwenye brauza, kwa hiyo inakula bando, na masharti yake ni kwamba ni ya matumizi binafsi tu. Utakutana na watu watakwambia kuna ile ya bure ya kusakinisha, ndio ilikuwepo, mwisho wake ni ya 2017, nayo haikuwa ya biashara. Ya biashara unalipia kwa mwaka, na ile Pro, yenye LayOut ya kutoa karatasi za vipimo, ni mamia ya dola.

Kuna moja naona hakuna aliyekutajia, labda kwa sababu haina jina kubwa mjini. Inaitwa Sweet Home 3D, kaitengeneza Mfaransa, ilianza 2006, ni bure kabisa na ni ya chanzo huria, yani yeyote anaruhusiwa kuitumia na hata kuibadilisha, na kuitumia kwenye kazi ya kulipwa hakuna tatizo. Unachora kuta upande mmoja wa kioo, upande mwingine 3D inajitokeza yenyewe. Inafanya kazi bila intaneti na laptopu yako ya RAM 4 itaibeba. Picha zake hazitashindana na za yule kijana, nakwambia mapema usije ukakata tamaa siku ya kwanza, na kabati lenye droo za ajabuajabu litakusumbua kulichora. Ila kupanga jiko na choo, kuhesabu eneo, kumwonyesha mteja mlango unafungukia wapi, inatosha kabisa. Zipo na za simu kama Planner 5D, unaburuta vitu kwa kidole, nzuri kwa kuongea na mteja palepale, ila za bure zimefungiwa vitu vingi na mimi nisingekata mbao kwa kuamini kipimo chake.

La kraki ya kaka yako nitakwambia waziwazi kwa sababu nakujali. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na we una biashara yenye jina. Zaidi ya hapo, nyingi kati ya hizo kraki zinakutaka uzime antivirasi kwanza ndo uisakinishe, sasa jiulize kwa nini. Kuna virusi vinavyofunga mafaili yote na kudai hela, kama STOP/Djvu, ambavyo vinajulikana kwa kusambaa kupitia programu za kukraki. Kwenye laptopu hiyohiyo ndo kuna Excel yako ya madeni, bei na namba za wateja. Kaka yako anakusaidia kwa moyo mzuri na sio mtu wa kugombana naye, we pima tu unachohatarisha.

Na kumlipa kijana kwa kila mchoro? Hiyo nayo ni njia ya heshima, wakubwa wengi wa kazi hizi hawachori wenyewe. Elfu themanini ukiiweka ndani ya kotesheni mteja ndo anailipa, na hela yako ya mashine inabaki. Ubaya wake umeshauona Kinyerezi, mchoraji ambaye hajafika site anachora ndoto, af deni la ndoto linabaki kwako. Ukienda njia hiyo basi vipimo vipime we, umpe kwenye karatasi, na mteja asitumiwe picha kabla we na mzee hamjaipitia.

Kuhusu umri na kidato cha nne, mdogo wangu, hapo nakukatalia kabisa. Sehemu ngumu ya kazi hii we unayo tayari. Chukua hilo jiko lako mwenyewe la Tabata. Kijana wa laptopu atachora ukuta wa sentimita 15 kwa sababu tofali ni la nchi 6. We unajua ukuta ukishapigwa plasta pande zote unafika kama 18, na unajua pia kwamba hakuna chumba chenye kona mraba kamili, kwa hiyo unapima chini, kiunoni na juu, af unapima mshazari wa kona kwa kona kuona kama inalingana. Mzee lazima alikufundisha tatu-nne-tano ya kupata pembe mraba, hesabu ileile ndo unayoiingiza kwenye kompyuta. Weka programu isome sentimita au milimita tangu mwanzo, maana programu nyingine zikifunguka zinaongea futi na nchi za Marekani, na ukichanganya hapo makabati yote yatakuja na makosa. Badilisha unene wa ukuta kabla hujachora. Baada ya hapo weka kaunta ya kina cha 60 na kimo cha 90, weka dirisha kwa kimo chake halisi, uone kama kaunta inakula kizingiti cha dirisha. Fungua droo ya kona uone kama inagonga mpini wa jiko la gesi. Hivi ndo vitu ambavyo penseli haikuonyeshi mpaka fundi makabati ameshakata mbao za MDF, na hapa ndo mimi naona programu inarudisha hela yake, kuliko hata kwenye kumvutia mteja.

Hesabu pia. Sakafu ya mita 3 kwa 3.6 ni mita za mraba 10.8. Tailizi za 60 kwa 60 kwa hesabu tupu zinaingia 30, na zikija nne kwa boksi ni maboksi saba na nusu. Programu itakupa hiyo 10.8 vizuri tu. Kwamba utanunua maboksi tisa kwa sababu ya kukata na kuvunjika, hilo unalo kichwani kwako.

Video za kasi, ipunguze kasi YouTube, kuna sehemu ya kuchagua, tazama kipande, simamisha, fanya, ndo uendelee. Na chora vyumba unavyovijua, usianze na ghorofa la kifahari. Chora jiko ulilokwishalikarabati mwaka jana, maana jibu unalo tayari, utaona umekosea wapi.

Sasa ukuta. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini kuliko kote. Kwenye programu yoyote niliyoitaja, ukuta unafutwa kwa kubonyeza kitufe kimoja na paa linabaki pale pale juu, kwa sababu hakuna aliyeiambia kompyuta paa lina uzito. Picha ya yule kijana haikusema ukuta unaweza kutoka, haikuulizwa kabisa. Mzee wako alipanda darini akaona kenchi zimekaa wapi na lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, inapita wapi, hiyo ni taarifa ambayo mchoro haukuwa nayo. Inawezekana bado ukuta ukatoka, watu wanatoa kuta kama hizo wakaweka bimu ya zege au ya chuma na nguzo za kuibeba, ila hilo sio la mzee kuamua peke yake, wala la mteja, wala langu. Ni la mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), na kubadilisha muundo wa nyumba kunagusa pia kibali cha halmashauri, kwa hiyo muulizie na hilo. Gharama ya mhandisi mwambie mteja mapema kwamba ni yake. Anaweza kukasirika na kwenda kwa mwingine, sikufichi, hatari hiyo ipo. Hatari ya upande wa pili unaijua, jina litakaloulizwa dari likishuka ni lako.

Na baba mdogo. Umeandika kwamba hataki laptopu, na mimi nilivyosoma naona hajachukia laptopu. Kaambiwa kapitwa na wakati, mbele yako, kwa jambo ambalo alikuwa analijua, na sijaona kwenye barua kama kuna mtu alimjibu yule mteja. Huenda anasubiri akuone umesimama wapi. Kama mhandisi atakuja Kinyerezi, mzee awepo, apande naye darini, aeleze alichokiona. Na siku unachora lile jiko la zamani mwombe akae pembeni akusomee vipimo, we unaandika. Macho yake ndo yataona kwanza kwamba mlango umeuchora unafungukia upande wa swichi. Akikataa mara ya kwanza mwache, usimlazimishe, mwombe tena siku nyingine.

Mume wako na mashine yake ana hoja pia, na sio lazima umshinde. Programu ya bure haigusi laki tisa. Unaweza kununua mashine, ukajifunza jioni kwa laptopu uliyonayo, ukamtumia kijana kwa wale wanaotaka picha za kung'aa, na ukaja kuiangalia kozi ukishajua unakwama wapi. Au ukaona chuo ndo kitakupa nidhamu ya kukaa chini ujifunze, maana jioni yenye watoto wawili naijua, kuna wengine bila darasa hawafiki popote. Hilo la kujijua nakuachia.

Mhandisi akishatoa majibu ya ule ukuta naomba uniandikie, na kama mteja atahitaji kuelezwa kwa nini picha yake inabidi ibadilike, nitumie tukae tuiandike hiyo meseji pamoja.